Anayecheza Hajafiwa

Ukuta kati ya darasa langu na la Kanyere ulikuwa wa mbao, na mbao zenyewe zilikuwa zimeoza. Mimi nilifundisha darasa la tano na yeye la sita, katika shule ya msingi ya kanisa letu kule Mususa, Butembo. Kila asubuhi watoto wake walipoanza kucheza jedwali la saba, ubao wangu ulitikisika mpaka ukachomoka msumarini. Niliuokota, nikaupachika, nikaendelea na vitenzi vya Kifaransa mbele ya watoto wasionisikiliza, maana miguu yao ilikuwa inafuata ya wenzao wa upande wa pili. Nilimlalamikia mara nyingi. Nasema hivyo mapema msije mkadhani nilikuwa shabiki wake.

Alikuwa mwanamke mzito wa miaka arobaini na kitu, mwenye nyayo bapa na magoti yaliyomuuma kila mvua iliponyesha, na Butembo mvua haijui likizo. Harusini alikaa karibu na masufuria, mbali na wanaocheza. Ile dansi yake haikutoka kwenye furaha yoyote, ilitoka kwenye umaskini. Mwanzoni mwa vita vya pili vya Kongo askari walilala katika shule yetu, na walipoondoka walikuwa wamechoma madawati yote wakipikia, na vitabu wamesokotea sigara. Tulibaki na vyumba vitupu. Kisha watoto wakarudi kutoka kukimbia huku na huku, wakubwa kwa miili lakini kila mmoja na pengo lake kichwani. Huyu alikosa mwaka wa nne, yule hakuwahi kusikia habari ya sehemu, na wengi wa darasa la sita hawakujua saba mara nane. Mimi wangu niliwaketisha juu ya matofali. Kanyere wa kwake hata matofali hayakuwatosha, kwa hiyo aliwasimamisha.

Na mtoto aliyesimama hatulii. Kwao Lubero wanawake hupiga maharage kwa fimbo wakiwa wawili au watatu kwenye lundo moja, na fimbo hazigongani, kwa sababu kila mmoja anaijua zamu yake mwilini. Alianzia hapo. Jedwali la saba lilikuwa hatua sita za kimya, kisha ya saba mguu chini kwa nguvu na jibu kwa sauti. Sehemu walizifanya kwa duara. Watoto kumi na wawili wanazunguka, theluthi yao wanaingia katikati, na aliyebaki nje anaona kwa macho yake kwamba theluthi na sehemu nne za kumi na mbili ni watu wale wale.

Kuna somo linaitwa PPCM, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba mbili ulizopewa. Mimi nililifundisha kwa machozi, yangu na ya watoto. Yeye aliweka safu mbili, moja ikipiga kofi kila hatua ya nne na nyingine kila hatua ya sita. Makofi yalipishana, yakapishana, kisha ghafla yakaanguka pamoja. Hakueleza kitu. Aliwaacha warudie mpaka wachoke, na msichana mmoja akasema, "Madame, kila douze tunakutana." Hapo ndipo alipochukua chaki, akaandika kumi na mbili.

Mkuu wetu, Directeur Phinées, ambaye Jumapili alikuwa anahubiri, hakupendezwa.

"Madame Kanyere, hii ni école ya Mungu, haiko nganda," alimwambia mlangoni. Nganda ni baa, na sote tulijua askari wanafanya nini huko.

"Uwaulize batoto, Directeur," Kanyere alijibu, akaendelea kufuta ubao.

Phinées alimwuliza mtoto wa kwanza aliyemwona PPCM ya nane na kumi na mbili. Mtoto alifumba macho, magoti yakacheza kidogo, akasema ishirini na nne. Phinées alikohoa. "Sawa," alisema. "Mais hatutaiita dansi. Tutaiita gymnastique."

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Aliyefiwa hachezi. Hachezi harusini, hachezi kanisani kwaya inapopamba moto, hachezi hata na mtoto mgongoni. Tangu siku anapopata habari mpaka siku matanga yanapoondolewa, miguu yake inanyamaza. Kwa mjane ni mwaka mzima, na nyumbani kwa kina Syauswa, mume wa Kanyere, desturi ilikuwa mjane aende kuketi kwa mama mkwe. Mama mkwe ndiye anayetandika mkeka. Bila mkeka hakuna kilio, na jirani hawezi kuja kulia nawe. Kwa hiyo ukimwona mtu anacheza, hata kama ni hesabu, unajua hakuna aliyemfia.

Watu husema kifo cha wengi ni harusi. Waliosema hivyo hawakuishi Butembo miaka ile. Katika darasa la Kanyere hapakukosa mtoto wa matanga, na hao aliwaweka juu ya yale matofali machache aliyokuwa nayo, migongo ukutani, wawahesabie wenzao kwa sauti. Matanga yakiondolewa kwao, waliinuka wakaingia kwenye safu, na wengine wakachukua matofali.

Syauswa alikuwa mfanyabiashara mdogo. Alipeleka vitunguu na chumvi upande wa Mambasa na kurudi na mafuta ya mawese. Mungu hakuwapa mtoto, lakini waliishi vizuri, na ndugu waliomshauri aoe mke mwingine aliwajibu kwamba mmoja tu anamchosha. Mwezi wa kumi na moja mwaka elfu mbili na mbili alipanda lori kama kawaida. Wiki hiyo hiyo vita vililipuka kule, watu wakaanza kumiminika mji wa Beni na magodoro vichwani, na Syauswa hakuwa miongoni mwao. Noeli ilipita, mwaka mpya ukapita. Wanawake wa soko la Mususa waliokutana nami walikuwa na swali moja.

"Madame Kanyere anacheza bado?"

"Anacheza."

"Basi bwana yake iko muzima."

Mwezi wa pili, saa ya mapumziko, Kasonia alifika shuleni. Alikuwa dereva wa lile lori. Alituona tumesimama pamoja, akavua kofia, na alivyoivua nilijua. Kanyere naye alijua, maana alinishika mkono akanivuta nyuma ya jiko la shule ili asisikie peke yake.

"Madame, ni mimi mwenyewe nilimuzika," Kasonia alisema. "Kando ya barabara, mbele ya kufika Mambasa. Balitupiga masasi ya bunduki asubuhi. Mimi nimekuwa porini tangu ile siku, njo mana nimekawia."

"Uko na hakika ni yeye?"

"Nilimufunika uso na shati yangu, Madame."

 Kanyere akauliza nani mwingine anajua, na Kasonia akasema hakuna, ameanzia kwa mke kama inavyotakiwa.

"Basi usiseme kwa mutu. Hata kwa mama yake kule Beni, usiseme. Mpaka examen iishe."

Kasonia alinitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye mwenye funguo za kichwa cha mwenzangu. Nilikasirika. Nilimwuliza Kanyere kama ana akili timamu, mume amekufa na yeye anawaza mtihani. Hakunijibu kwa hasira. Hakuwa na nguvu hiyo.

"Agar, nikienda Beni leo nitaikala kwa mukeka mwaka muzima. Njo kitu ninataka. Kuikala tu. Nimechoka mpaka ndani ya mifupa. Lakini darasa watapatia nani? Gérard. Gérard iko na batoto mia na fimbo. Hawa bangu hesabu yao iko kwa miguu, haiyafika bado kwa karatasi. Ni miezi ine tu. Syauswa atanisamehe. Mwenye kufa hana haraka."

Nilimjua Gérard, mwalimu mwenzetu, na niliwajua hao watoto. Wengi walikuwa na miaka kumi na mitano, kumi na sita. Mwaka ule ndio ulikuwa wa mwisho kwao, wazazi walishasema. Msichana aliyeshindwa cheti aliolewa kabla ya Noeli, na mvulana alifuata bunduki ya kwanza iliyopita njiani. Kasonia aliapa atanyamaza, na alinyamaza kweli. Barabara zetu zote zilimtia hofu baada ya hapo. Wiki iliyofuata alivuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda, na hatukumwona tena.

Kengele ilipigwa. Niliingia darasani kwangu, nikasimama nimeutazama ule ukuta. Nilidhani sitasikia kitu. Kisha hatua zikaanza, sita za kimya, na ya saba ikashuka kwa wakati wake. Niliutukana mguu ule moyoni. Halafu nikawapa watoto wangu imla ndefu kuliko zote za mwaka ule, wainame waandike, wasione uso wangu.

Alijikaza namna hiyo mwezi wa tatu wote. Nilichukia siri ile, na nilimchukia yeye siku nyingine kwa kunibebesha. Alipungua mwili, lakini watu walisema ni wasiwasi wa mke anayesubiri. Kwenye kwaya aliimba. Nguo nyeusi alikuwa nayo, kitenge alichonunua siku moja baada ya Kasonia kuja, na kilikaa chini ya godoro kikiwa kimekunjwa. Aliniambia jioni akifika nyumbani anataka kulia, lakini anasinzia kabla machozi hayajatoka, na asubuhi ni kazi tena. Nilimshauri aende Beni, basi, yaishe. Akasema bado hawajashika vizuri namba za desimali.

Baada ya Pasaka alikuja Mama Kaswera. Huyo ndiye mama yake Syauswa, mjane mwenyewe, mwanamke mdogo wa mwili anayefunga kilemba kwa nguvu kama anafunga mzigo. Alikuwa anaishi Beni, katika mtaa wa Beu, na pale sokoni alikuwa amesikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Mususa aliuawa njia ya Mambasa. Hakwenda nyumbani kwa mwanawe. Nyumbani mtu anaweza kukuandalia uso. Alishuka kwenye lori akaja moja kwa moja shuleni, akabisha mlango wangu kwa makosa.

"Darasa ya muke wa mutoto wangu ni wapi?"

Nilimwonyesha. Na nakiri nilishusha pumzi, nikasema moyoni, asante Mungu, mwisho ni leo.

Walikuwa wanacheza ile PPCM. Safu mbili zilikuwa zinakwenda, na Kanyere yuko katikati, uso kuelekea mlangoni. Alimwona mama mkwe wake. Mimi nilisimama nyuma ya yule mzee, na niliona mguu wa Kanyere ukibaki juu kuliko inavyohitajika. Angeweza kuushusha taratibu, akapiga magoti, akasema. Hakuna mtu angemlaumu. Watoto wa matofali walikuwa wanahesabu kwa sauti, na hesabu yao haikumngoja. Mguu ukashuka kwa namba yake. Akacheza mpaka safu zikakutana, akacheza mpaka zikakutana tena, na kila mara alipiga kofi pamoja nao.

Mama Kaswera alitazama mpaka mwisho. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono na machozi yanamtoka, lakini alikuwa anacheka.

"Asante, mwana wangu," alisema. "Kule Beni balinidanganya. Sasa nimeona na macho yangu."

Aliwagawia watoto karanga alizoleta, akakataa chakula, akapanda lori kurudi siku ile ile. Kanyere alikwenda nyuma ya jiko akatapika. Nilimshikia kitenge alichovaa kisichafuke. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbeba, vyote pamoja.

"Nitamuambia mwezi wa sita," alisema alipoweza kusema.

Mtihani waliufanyia katika shule nyingine yenye madawati. Msimamizi alilalamika kwamba watoto wa Mususa wanapiga miguu chini ya meza. Matokeo yalipobandikwa walikuwa wamepita wengi mno, hata wale ambao mimi nilikwisha kuwakatia tamaa, na Phinées alitoa hotuba ndefu kuhusu faida za gymnastique. Siku hizo hizo redio ilikuwa inatangaza kwamba vita vimeisha na kule Kinshasa wanaapisha serikali mpya. Kanyere hakusikiliza hotuba wala redio. Alitoa kitenge cheusi chini ya godoro, akakitia kwenye mfuko, akaniomba nimsindikize Beni kuwa shahidi.

Katika lori alilala begani kwangu njia nzima. Alikuwa karibu na furaha, kama naruhusiwa kutumia neno hilo. Alikuwa amepiga hesabu zake: watoto wamepita, mama mkwe atamtukana, pengine atamzaba kofi, kisha atatandika mkeka, na mwaka mzima Kanyere hatainua mguu kwa ajili ya mtu yeyote.

Uwanja wa Mama Kaswera ulikuwa umefagiliwa. Kwenye kamba palikuwa na mashati mawili ya mwanamume, yamefuliwa. Mzee alifurahi kutuona, akaleta viti. Kanyere hakukichukua chake. Aliketi chini, udongoni, na kwetu hilo peke yake ni habari tosha.

"Amuka, mwana wangu. Juu ya nini unaikala chini?"

"Mama, Syauswa alikufa. Tangu novembre. Kasonia, shofere, njo alimuzika. Mimi nilijua mwezi wa pili."

Mama Kaswera alibaki na kiti mkononi.

"Mwezi wa pili," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuja kisha Pâques."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikukuta unacheza."

"Nilicheza juu ya batoto, Mama. Examen ilikuwa karibu, na hawakuwa na mutu mwingine. Unisamehe. Unitukane, mais unisamehe."

"Hapana," mzee alisema, bila kupandisha sauti. "Muke mwenye kufiwa hachezi. Hata mulevi hachezi. Hata mwenye roho mubaya, bwana akikufa, miguu inakatala. Na wewe hauko na roho mubaya, nakujua miaka yote hii. Donc haukufiwa."

Niliona ni zamu yangu. Nikasema, "Mama, mimi pia nilikuwa pale. Nilimusikia Kasonia akisema."

"Wewe ulisikia," alinijibu. "Mimi niliona. Huyo Kasonia iko wapi aniambie?"

"Alivuka Uganda."

"Bon."

Nilitaka kumkasirikia. Mimi hukasirika haraka, na mzee mkaidi ni chakula changu. Lakini nilitazama yale mashati kwenye kamba. Mwanamke huyu alikuwa ameletewa kifo sokoni akakirudisha, kwa sababu ya kitu alichokiona katika darasa letu. Ameishi nacho miezi, amefua nacho, amefagia nacho. Sisi ndio tuliompa, na sasa tumekuja kumnyang'anya tukiwa mikono mitupu, hatuna kaburi la kumwonyesha wala mtu wa kuapa.

"Mama, unipatie mukeka tu," Kanyere alisema. Alikuwa anasihi kama mtoto. "Usiniamini, haizuru. Unitandikie tu mukeka. Nimechoka."

Mzee aliingia ndani. Tulimsikia akisogeza vitu. Kanyere alivua viatu, akafungua mfuko, akakitoa kitenge cheusi akakiweka mapajani, tayari. Mama Kaswera alipotoka alikuwa na kikapu cha mchele na shati la tatu lililopigwa pasi.

"Umupelekee," alisema. "Anapenda muchele ya huku. Na usipende kutembea-tembea hivi. Siku atafika asikute mulango umefungwa."

Kanyere hakuinuka. Aliketi pale kwenye udongo mtupu mpaka jua likageuka. Majirani wa Beu walipita wakatusalimia, wakauliza habari za Butembo, wakaenda zao, kwa kuwa hapakuwa na mkeka na kwa hiyo hapakuwa na kilio. Alijaribu kulia mara moja. Mama Kaswera, aliyekuwa anachambua mboga, alimwambia kwa upole anyamaze, ataita mikosi juu ya mtoto wake. Akanyamaza. Lori lilipokaribia kuondoka nilimwinua kwa mikono miwili, na alikuwa mzito kuliko nilivyowahi kumjua, ingawa mwili wote ulikuwa umekwisha.

Njiani hakulala. Kitenge kilikuwa kimerudi mfukoni, shati liko juu yake. Pale Mususa tulikuta Abigaïl, jirani yake, amesimama mlangoni na mtoto.

"Mama mukwe iko aje?"

"Iko muzuri."

"Na bwana? Kule wanasema nini?"

Kanyere alikitua kikapu mlangoni.

"Mama anasema atakuya."

"Mungu asifiwe," Abigaïl alisema. "Wangu anaingia darasa ya sita septembre. Utamuchezesha vizuri, Madame, hesabu haimuingii kabisa."

"Alete viatu vyenye kufungwa," Kanyere alisema, na akaingia ndani kulitundika lile shati.